Lubumbashi: Mwenye ugonjwa wa seliaki anaweza kula mgahawani, akijua la kuuliza

Mdogo wangu alirudi Lubumbashi kwa likizo baada ya miaka sita ya kuishi Ubelgiji. Siku ya pili tu alitaka tutoke tukale. Tuliingia katika mgahawa mmoja wa katikati ya mji, tukakaa karibu na dirisha, naye akaagiza kuku wa kukaanga na chipsi. Kabla mhudumu hajaondoka, alimwuliza: «Kuna ngano ndani?»

Kijana alitabasamu. «Hapana, dada. Ni kuku na viazi tu.»

Kijana yule hakudanganya. Hata hivyo usiku huo mdogo wangu hakulala. Tumbo lilimjaa kama ngoma, akaharisha mpaka alfajiri, na asubuhi macho yake yalikuwa yamezama. Siku tatu za likizo alizimaliza kitandani, na kwa wiki nzima mwili wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kuugua malaria.

Nilirudi pale peke yangu. Sikwenda kugombana, nilitaka kuelewa. Mpishi, mama mmoja mwenye subira, alinikaribisha jikoni bila shida. Palikuwa na karai moja kubwa la mafuta. Asubuhi linakaanga vitumbula, vile ambavyo Kinshasa wanaviita mikate na Goma wanaviita maandazi. Saa nne linakaanga sambusa. Adhuhuri, katika mafuta hayo hayo, wanatia kuku na viazi. Unga wa ngano wa asubuhi ulikuwa bado unaelea mle ndani, chembe ndogo za kahawia ambazo hakuna mtu angezitilia maanani.

Mdogo wangu ana ugonjwa wa seliaki. Swali aliloliuliza lilikuwa la kweli, ila halikutosha. Makala haya yanaeleza maswali yanayotosha, kwa faida ya wenye ugonjwa huu, ya ndugu wanaokula nao, na ya mama na baba wanaopika kwa ajili ya kuuza.

Seliaki ni nini?

Katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa mkate uvutike na kuumuka. Kwa watu wengi protini hiyo haina ubaya wowote. Kwa mwenye seliaki, kila inapofika tumboni, kinga ya mwili inakosea adui: inaanza kuushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe.

Ndani ya utumbo huo kuna vinyweleo vidogo sana, kama nyuzi za taulo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula na kukiingiza katika damu. Vikishambuliwa vinalala, vinafutika. Mtu anakula na kushiba, lakini mwili wake unabaki na njaa. Hapo huja kuharisha kusikokwisha, tumbo kujaa, kukonda, uchovu, upungufu wa damu usiosikia dawa za madini ya chuma, mifupa kulegea, na wakati mwingine mimba kuharibika. Mtoto huacha kukua vizuri. Wengine hawaumwi tumbo hata kidogo, wanabaki tu na damu pungufu mwaka hadi mwaka.

Huu si mzio wa kawaida wala si sumu. Si ugonjwa wa kuambukiza pia: huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa. Mtu huzaliwa na vinasaba vinavyouruhusu, ingawa wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe. Katika Ulaya inakadiriwa kwamba takriban mtu 1 kwa kila 100 anao, na wengi wao hawajui. Ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto na waliozaliwa naye tumbo moja, wana hatari kubwa zaidi, takriban 1 kwa 10. Ndiyo maana daktari wa mdogo wangu alimtuma aniambie nami nipime.

Msidhani pia kwamba ni ugonjwa wa wazungu. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya watoto wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Zaidi ya watoto 5 kwa kila 100 walikuwa na dalili za seliaki katika damu, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Watu hao, ambao zamani waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende, leo wanakula sana mkate na unga wa ngano.

Kwetu Kongo, ngano karibu yote inatoka nje, lakini mijini chai ya asubuhi bila mkate imekuwa jambo la ajabu. Mtu mwenye seliaki anaweza kutibiwa amiba leo, minyoo kesho, tifoidi kesho kutwa, kwa sababu dalili zinafanana. Ikiwa unajitambua katika maelezo haya, mwone daktari, umtajie neno hilo: seliaki, au kwa Kifaransa maladie cœliaque. Na usiache kula ngano kabla ya kupima. Kipimo cha damu hutafuta alama za vita vya mwili dhidi ya gluteni, na daktari huweza pia kuchukua kipande kidogo cha utumbo ili kukiangalia. Ukiwa umeacha mkate kwa miezi, alama zinafutika na kipimo kinaweza kusema huna kitu.

Njaa iliyofundisha madaktari

Ugonjwa huu ulielezwa vizuri na daktari Mwingereza Samuel Gee mwaka 1888. Alishaona kwamba dawa yake, kama ipo, itakuwa katika chakula. Asichojua ni chakula gani.

Jibu lilitoka Uholanzi. Daktari wa watoto, Willem Karel Dicke, alikuwa tangu miaka ya 1930 akishuku ngano. Kisha ikaja njaa kubwa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita. Mkate ulipotea. Watu walikula chochote walichopata, na wengi walikufa. Lakini watoto wenye seliaki hospitalini, badala ya kuzidiwa, walipata nafuu. Mkate uliporudi, nao walirudi kuugua. Mwaka 1950 Dicke alitoa kazi yake ya chuo kikuu juu ya jambo hilo, na tangu hapo tiba haijabadilika: kuacha gluteni maisha yote. Mpaka leo hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya tiba hiyo.

Nyumbani, tiba hiyo inawezekana. Sufuria ni zako, unga ni wako. Shida inaanza mlangoni, unapotoka kwenda kula kwa watu.

Kwa nini chembe moja ni nyingi

Wapishi wengi wakielezwa husema: «Basi nitakutolea ule mkate kwenye sahani.» Wanasema kwa moyo mzuri. Ila tufanye hesabu kidogo.

Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi za gluteni au zaidi, yaani miligramu 2,000. Wataalamu wengi wanaona kwamba mgonjwa asizidishe miligramu 10 kwa siku. Kata kipande hicho cha mkate mara 200: sehemu moja tu imeshafika kwenye kikomo. Chembe zilizobaki juu ya ubao wa kukatia, au unga uliokaa kwenye upawa, zinatosha kuharibu kazi ya wiki nyingi.

Jambo la pili ni kwamba moto hauiondoi gluteni. Sisi tumezoea kwamba kitu kikichemka kimekuwa salama, na kwa vijidudu ni kweli. Lakini gluteni si kijidudu, ni sehemu ya chakula chenyewe. Haifi katika mafuta yanayochemka, haifi juu ya makaa. Maji ya moto yaliyopika spageti hayafai kuchemshia viazi vya mgonjwa. Kinachoiondoa ni kuoshwa: maji, sabuni na kusugua vizuri. Hiyo ni habari njema kwa mpishi, kwa sababu hahitaji mashine wala dawa yoyote.

Mwiko wa mti na ubao wa kukatia uliochakaa ni kesi nyingine. Una mipasuko ambayo unga hujificha. Kwa mgonjwa ni afadhali cha chuma au cha plastiki ngumu.

Chakula chetu ni rafiki, viungo ndivyo vya kuangalia

Hapa Lubumbashi mgonjwa wa seliaki ana bahati ambayo mwenzake wa Paris au Roma hana. Angalia meza yetu. Bukari wa mahindi hauna gluteni. Wa muhogo hauna. Sombe, kalembula na lengalenga hazina. Maharagi, karanga, wali, viazi vitamu, makemba, mayai, nyama, samaki mbichi na kapenta zilizokaushwa juani, vyote havina. Mtama, uwele na ulezi pia ni salama, ingawa wengi huviogopa kwa sababu ni nafaka.

Hatari inaingia na kile kinachoongezwa. Nimeandika hapa yale tuliyoyagundua, mengine kwa maumivu:

Mafuta ya kukaangia yaliyotumika kwa vitumbula, sambusa au samaki aliyepakwa unga.

Samaki au kuku anayepakwa unga wa ngano kidogo «ili asishike kwenye kikaango». Mpishi mwenyewe mara nyingi hauhesabu huo kama unga.

Mchuzi mzito. Wengine huufanya mzito kwa karanga au nyanya, wengine kwa kijiko cha unga wa ngano.

Vidonge vya kuungia mchuzi. Baadhi vina ngano, vingine havina, kutegemea kiwanda. Lazima kusoma karatasi yake.

Mchuzi wa soya unaopakwa kwenye nyama ya kuchoma. Jina lake linadanganya: ule wa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano.

Soseji na nyama za kopo, ambazo hujazwa unga mara nyingi.

Bia ya chupa, kwa sababu inatokana na kimea cha shayiri. Soda na maji havina shida. Munkoyo wa mahindi na mizizi ni sawa, ila uliza kama aliyeupika ameongeza kimea chochote.

Uji wa mchanganyiko. Ule wa mahindi, soya na mtama haukosi usalama peke yake, lakini wengine wanauongezea ngano, na kinu kilichosaga ngano kinaacha unga wake kwa anayefuata.

Bidhaa nyingi zinazouzwa kwetu zimeandikwa kwa Kifaransa. Maneno ya kutafuta kwenye karatasi ni haya: blé na froment ni ngano, orge ni shayiri, seigle ni rai, malt ni kimea, semoule mara nyingi ni chengachenga za ngano, na kuskusi nayo hutokana nazo. Avoine, yaani shayiri ya uji wa wazungu, yenyewe si ngano lakini huchanganyika nayo shambani na kiwandani, kwa hiyo mgonjwa asiile isipokuwa imeandikwa sans gluten. Kwa kanuni za kimataifa za Codex, zinazosimamiwa na FAO na OMS, maneno hayo yanamaanisha gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula.

Fufu ya Matonge

Kuna kisa ambacho mdogo wangu alinisimulia kilichonifundisha zaidi ya yote. Alipopimwa Ubelgiji na kuambiwa aache ngano, jambo la kwanza alilolifanya ni kwenda Matonge, ule mtaa wa Brussels wenye jina la mtaa wa Kinshasa. Alijiambia: «Nchi ya mkate imenishinda, nitakula chakula cha mama.» Akaagiza fufu na pondu katika mgahawa wa Wakongomani. Akala kwa furaha, bila kuuliza lolote, kwa sababu nani anauliza kama fufu ina ngano?

Akaugua.

Baadaye aligundua kwamba baadhi ya wapishi wetu wa ng'ambo huchanganya unga wa muhogo na semule ya ngano, ili fufu iwe laini na gharama ipungue. Kwa wateja wengi hilo si kosa hata kidogo. Kwake ilikuwa kama kula mkate kwa kijiko. Tangu siku hiyo hauamini mlo kwa jina lake, hata uwe mlo aliolelewa nao. Anauliza umepikwa na nini, na kwa vyombo gani.

Na huko Ulaya, kuuliza ni haki iliyoandikwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inalazimisha migahawa kumwambia mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyodhuru watu fulani, na nafaka zenye gluteni zimo. Italia, nchi ya spageti na pizza, imekwenda mbali zaidi. Chama cha wagonjwa cha huko kimekuwepo tangu 1979, kinafundisha wenye migahawa namna ya kupika bila gluteni na kuitangaza ile iliyofuzu. Sheria ya mwaka 2005 inazitaka kantini za shule, hospitali na ofisi za serikali kumpa chakula kisicho na gluteni mgonjwa anayekiomba.

Katika migahawa yetu hapa sijaona karatasi ya namna hiyo ukutani, na mhudumu wengi wao hawajawahi kulisikia neno seliaki. Kwa hiyo kinga ya mgonjwa ni mdomo wake mwenyewe, pamoja na moyo wa anayempikia.

Maswali matano

Baada ya usiku ule wa kuku na chipsi, tulikaa na mdogo wangu tukaandika maswali. Swali la «kuna ngano?» tulilifuta, kwa sababu jibu lake ni «hapana» hata pale ambapo ipo. Tukabaki na haya:

1. Mafuta haya yamekaanga nini leo?

2. Nyama au samaki amepakwa nini kabla ya kuingia motoni?

3. Mchuzi umefanywa mzito kwa kitu gani, na umetiwa kidonge gani?

4. Bukari ni wa unga gani, na umechanganywa na nini?

5. Mnaweza kunipikia katika sufuria na mwiko vilivyooshwa sasa hivi kwa sabuni?

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Mhudumu hajui mambo ya jikoni, na akiwa na meza kumi zinamwita atajibu lolote ili apite. Ni afadhali kuomba kwa adabu kuzungumza na mpishi mwenyewe. Usifike saa saba mchana, wakati jiko linawaka na watu wamejaa; fika saa tano na nusu, au piga simu siku moja kabla. Eleza kwa maneno mafupi kwamba ni ugonjwa na si kuchagua chakula, kwa sababu kwetu mtu anayechagua chakula huonekana anaringa. Omba cha kuchemsha au cha kuchoma badala ya cha kukaanga. Ukihitaji mafuta mapya, jitolee kuyalipia. Mama anayeuza sahani kwa franga chache hawezi kumwaga lita ya mafuta kwa ajili ya mteja mmoja, na si haki kumwomba hivyo bure.

Kama majibu yanayumba, au mpishi anacheka na kusema «kidogo hakiui», shukuru, agiza soda, na kula ukifika nyumbani. Hutakosana na mtu.

Kwa anayesafiri, karatasi ndogo mfukoni inasaidia kuliko maelezo marefu. Hii ndiyo ya mdogo wangu, na yeyote anaweza kuinakili:

«Mama, baba mpishi: nina ugonjwa wa tumbo unaonikataza ngano, shayiri na rai, hata chembe. Siwezi kula mkate, kitumbula, chapati, sambusa, spageti, wala kitu kilichopakwa unga wa ngano au kukaangwa katika mafuta ya vitu hivyo. Naweza kula bukari wa mahindi au wa muhogo, wali, viazi, mboga, maharagi, mayai, nyama na samaki, vikiwa na chumvi, kitunguu, nyanya na pilipili. Tafadhali osha kwa sabuni sufuria, kisu na mwiko kabla ya kunipikia. Asante kwa kunitunza.»

Na ikitokea umekula kwa bahati mbaya? Hakuna dawa ya kuiondoa gluteni iliyokwisha kuingia. Kunywa maji ya kutosha, pumzika, rudi kwenye chakula salama. Kuharisha kukizidi, au kwa mtoto na mama mjamzito, nenda hospitali bila kungoja.

Kukataa sahani ya shangazi

Mgahawa si mahali pekee. Jaribu kubwa la likizo ile lilikuwa harusi ya binamu yetu. Katika sherehe, sahani inakuja imekwisha kupakuliwa: wali, kuku, sambusa, kipande cha keki juu yake. Aliyekuletea ni shangazi, amesimama, anakuangalia ule. Kurudisha sahani ile mbele ya watu ni maneno ya mwaka mzima: «Ameenda Ulaya, sasa chakula chetu kinamnukia.»

Kutoa sambusa na keki na kula wali uliobaki hakusaidii, kwa sababu chembe zimeshamwagika. Tulifanya hivi: siku mbili kabla, nilikwenda mwenyewe kwa shangazi. Sikumwambia habari za protini na vinasaba. Nilimwambia: «Shangazi, huyu mtoto wenu amekatazwa ngano na daktari kama vile mzee alivyokatazwa sukari.» Alielewa papo hapo. Ugonjwa wa sukari kila familia inaujua, na hakuna anayemlazimisha mgonjwa wa sukari kula keki. Shangazi alimtengea sahani yake kabla ya nyingine zote kupakuliwa, akaifunika, akaandika jina. Hakuna aliyeona ajabu.

Hilo ni la kukumbuka kwa kila familia. Mgonjwa akijieleza mwenyewe mezani, anaonekana mwenye maringo. Ndugu akimsemea mapema, imekuwa ni kumtunza mgonjwa.

Sufuria yenye kamba nyekundu

Wiki ya mwisho tulikwenda Kamalondo kula michopo. Mdogo wangu alisita. Nyama ya mbuzi juu ya makaa ni salama yenyewe, lakini wavu unachoma pia soseji, na nyama zinalazwa katika viungo tangu asubuhi. Mama mwenye mahali pale alisoma ile karatasi mara mbili, polepole, akiwa ameshika kisu mkononi. Kisha akaanza kuuliza yeye.

«Mwanangu, na kidonge cha mchuzi?»

«Siwezi kujua, mama, mpaka nisome karatasi yake.»

«Basi tuache. Chumvi na kitunguu?»

«Chumvi na kitunguu ni sawa.»

«Na bukari wangu ni wa mahindi, nimeusagisha mwenyewe.»

Alikata nyama mbichi mpya kwa kisu alichokiosha mbele yetu, akaichoma juu ya karatasi ya alumini upande mmoja wa wavu. Bukari akausonga katika sufuria ndogo. Tulingoja karibu saa nzima, na tulilipa kidogo zaidi, kwa ridhaa yetu. Mdogo wangu alikula mpaka akalamba vidole. Usiku huo alilala, nami nililala pia.

Kabla hajarudi Ubelgiji tulipita tena kumwaga mama yule. Ile sufuria ndogo ilikuwa imetundikwa peke yake ukutani, mbali na nyingine, na mpini wake umefungwa kamba nyekundu. Tulimwuliza ni ya nini. Akasema: «Ile ni ya wale wa ngano. Wewe umenieleza, lakini hutakuwa peke yako katika mji huu.»